Pedi za breki: bei ya dukani si gharama ya safari

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Msafirishaji anayenunua tairi huuliza maswali mengi. Atauliza nchi ilikotengenezwa, mwaka, uzito inaobeba na kilomita ambazo wenzake wamezipata. Lakini mtu huyo huyo akifika kwenye kaunta ya pedi au lainingi za breki, mara nyingi swali hubaki moja tu: ya bei nafuu ipo?

Swali hilo linaigharimu sekta ya usafirishaji ya ukanda huu fedha nyingi, na wakati mwingine maisha ya watu. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana eneo la Migaa, karibu na Salgaa katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na watu 36 wakapoteza maisha. Juni 30, 2023, lori la kontena lilishindwa kusimama katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, likavamia magari na wafanyabiashara waliokuwa kando ya barabara. Waliokufa walifika 52. Juni 7, 2025, katika mteremko wa Iwambi jijini Mbeya, lori lililoripotiwa kufeli breki liligonga basi dogo la abiria, na watu 28 wakafariki.

Sababu kamili ya kila ajali ni kazi ya wachunguzi, na si kila lori linaloshindwa kusimama huwa limefungwa pedi mbovu. Wapo madereva wanaoshuka na gia ya nyutro ili kuokoa dizeli, na yapo magari yanayozidishiwa mzigo. Hata hivyo, tukiacha dereva na mzigo, kuna jambo la tatu ambalo mwenye gari huliamua akiwa dukani, siku nyingi kabla ya safari. Hilo ndilo tunalolichambua leo.

Hesabu ya mteremko mmoja

Tuchukue barabara ambayo wasafirishaji wa Burundi wanaijua vizuri. Kutoka Bugarama, ulio juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, gari hushuka hadi Bujumbura, mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika chini ya mita 800. Safari hiyo haifiki kilomita 40. Maana yake ni kwamba gari linashuka zaidi ya mita 1,200.

Lori lenye uzito wa tani 50 pamoja na mzigo likishuka mita 1,200, nishati inayotakiwa kumezwa njiani ni karibu megajuli 590. Kwa lugha ya barabarani, hiyo ni sawa na kulisimamisha lori hilo hilo kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa mara 85 mfululizo. Au kwa namna nyingine, ni joto linalopatikana kwa kuchoma lita 16 hivi za dizeli.

Sehemu ya nishati hiyo humezwa na upepo, tairi na breki ya injini, kama dereva ameingiza gia nzito mapema. Inayobaki yote huangukia kwenye dramu na diski. Dereva akishuka na nyutro, injini haisaidii chochote, na hapo breki za magurudumu hubeba karibu mzigo wote.

Hali ni hiyo hiyo, kwa viwango tofauti, katika Mlima Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida, miteremko ya Mbeya kuelekea Tunduma, na ile ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Mizigo ya Zambia na Kongo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Tunduma hulazimika kupita Kitonga na Mbeya. Mizigo ya Uganda, Rwanda na Sudan Kusini inayotoka Mombasa hulazimika kupita Bonde la Ufa. Hakuna ushoroba usio na mlima.

Kinachotokea breki ikichemka

Pedi na lainingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nyuzi, unga wa metali, vitu vya kuongeza msuguano na gundi ya kuvishikanisha. Kila mchanganyiko una joto lake. Mchanganyiko wa kawaida wa magari ya barabarani huanza kulegea unapofika nyuzi joto 300 hadi 400 za Selsiasi. Gundi huanza kuungua, hutoa gesi, na uso wa pedi hung'aa kama kioo. Dereva anakanyaga, pedali iko pale pale, lakini gari haishiki.

Kwa malori yenye breki za upepo na dramu, kuna tatizo la ziada. Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia lainingi. Fimbo inayosukuma breki inalazimika kusafiri mbali zaidi, na safari hiyo ina mwisho. Kama fundi hakuwa amekaza breki ipasavyo kabla ya safari, fimbo hufika mwisho kabla lainingi haijabana sawasawa. Hapo hata lainingi bora duniani haiwezi kusaidia.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lingepaswa kuwa hili: pedi hii inafanya kazi katika joto gani, tangu alfajiri gari likiwa baridi hadi chini ya mteremko likiwa limechemka?

"Za mashindano" si lazima ziwe bora

Wapo watakaosema jibu ni rahisi, tununue pedi kali za mashindano ya magari. Mimi mwenyewe niliwahi kufikiri hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua katika duka moja la spea jijini Dar es Salaam pedi zilizoandikwa kwamba ni za mbio, kwa ajili ya gari langu dogo. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile za kawaida. Muuzaji alinihakikishia kwamba nikizifunga hizo nitasahau habari ya breki.

Sikusahau. Nilipofika Makambako na kuondoka alfajiri kwenye baridi, mara ya kwanza kukanyaga gari lilichelewa kushika kiasi cha kunitoa jasho nyuma ya lori lililosimama. Baada ya kilomita chache hali ikawa nzuri. Kesho yake asubuhi yakajirudia yale yale. Miezi michache baadaye zilikuwa zimekwisha zikila diski, na kelele zake zilisikika mtaa mzima. Fundi wangu alizitazama akacheka. "Bosi, hizi si za kwenda nazo sokoni," aliniambia.

Alikuwa sahihi. Pedi nyingi za mbio ndefu za uwanjani zimetengenezwa ili zifanye kazi zikiwa na joto la nyuzi 200 na kuendelea, tena kwa gari linalofunga breki kila baada ya sekunde chache. Gari la mjini halifiki huko. Hivyo mnunuzi analipia uwezo asioutumia, na anapoteza ule anaouhitaji kila siku, yaani kushika gari likiwa baridi.

Wanamichezo wenyewe wanalijua hilo. Katika autokrosi, mchezo ambao Kenya nayo inao, gari hukimbia kwa muda mfupi katika njia fupi yenye kona nyingi, na mshindi ni mwenye muda mdogo. Mbio huisha kabla breki haijapata moto wa kutosha. Kwa sababu hiyo dereva mjuzi anayetumia gari moja kwa mbio hizo na kwa kwenda kazini hachukui pedi kali kuliko zote. Anatafuta ile ya kati, inayoshika ingali baridi, inayovumilia joto kuliko ya kiwandani, na isiyokula diski. Anachagua kwa kazi iliyo mbele yake.

Kanuni hiyo hiyo inamfaa mwenye Hiace ya abiria, mwenye Canter ya mboga na mwenye semi-trela. Wa mjini, anayesimama kila kituo, anahitaji pedi inayoshika mapema na kudumu. Wa milimani, mwenye mzigo, anahitaji mchanganyiko unaovumilia joto kwa muda mrefu. Kumuuzia wa kwanza bidhaa ya wa pili ni kumtupia fedha. Kumuuzia wa pili bidhaa ya wa kwanza ni hatari.

Herufi mbili zisizosomwa

Kuna taarifa ambayo wafanyabiashara wengi wanaibeba dukani bila kuisoma. Pembeni mwa pedi na lainingi nyingi, hasa zinazofuata utaratibu wa Marekani, kuna mfululizo wa namba na herufi unaoishia na herufi mbili, kwa mfano EE, FF au GD. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano katika joto la kawaida la kazi. Ya pili inaeleza msuguano joto likipanda.

E maana yake msuguano ni kati ya 0.25 na 0.35. F ni kati ya 0.35 na 0.45. G ni kati ya 0.45 na 0.55. D ni chini zaidi, kati ya 0.15 na 0.25. Kwa hiyo pedi yenye GD inashika sana ikiwa na joto la kawaida, lakini inaporomoka ikichemka. Yenye FF inabaki pale pale. Kwa gari la mlimani, herufi ya pili ndiyo ya kutazama kwanza.

Hata hivyo herufi hizo zina mipaka. Kipimo chake hufanywa kwa kipande kidogo cha inchi moja ya mraba maabara, si kwa lori zima mlimani. Hazisemi pedi itadumu kilomita ngapi. Na herufi ya juu si lazima iwe nzuri, kwani lainingi inayoshika kupita kiasi katika ekseli moja inaweza kufunga magurudumu ya ekseli hiyo kabla ya mengine.

Alama nyingine ni ya Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, ambayo hutumika Ulaya kwa pedi na lainingi za kubadilishia. Hutambulika kwa herufi E ndani ya duara ikiwa na namba ya nchi iliyotoa kibali, ikifuatiwa na namba yenye 90R. Bidhaa yenye kibali hicho imejaribiwa kwenye aina ya gari iliyokusudiwa, na nguvu yake haipaswi kutofautiana na ya pedi ya awali kwa zaidi ya asilimia 15. Tahadhari ni kwamba alama huchapwa kwa wino, na wino unapatikana popote. Muagizaji makini humwomba kiwanda nakala ya cheti na kulinganisha namba.

Hesabu ya kilomita

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo hoja ya bei nafuu husimama au huanguka. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake.

Tuseme seti ya lainingi za bei nafuu ni dola 300 na inadumu kilomita 30,000. Ya pili ni dola 600 na inadumu kilomita 70,000. Kila zinapobadilishwa, fundi analipwa dola 100, na gari linasimama siku moja ambayo ingeingiza dola 250.

Seti ya kwanza inagharimu dola 650 kwa kilomita 30,000, yaani karibu dola 21.70 kwa kila kilomita 1,000. Ya pili inagharimu dola 950 kwa kilomita 70,000, yaani karibu dola 13.60. Kwa lori linalotembea kilomita 120,000 kwa mwaka, ya "bei nafuu" imekula dola 2,600, na ya "bei ghali" dola 1,630 hivi. Tofauti ni dola 970 kwa lori moja. Mwenye malori kumi anaweza kuifanyia kazi tofauti hiyo.

Lakini jambo muhimu zaidi katika hesabu hii ni jingine. Wengi hudhani kwamba kitu kikiuzwa mara mbili, lazima kidumu mara mbili ndipo kilipe. Si kweli. Kwa kuwa fundi na siku ya kusimama havibadiliki, seti ya dola 600 inaanza kulipa ikidumu kilomita 44,000 tu, ambayo ni asilimia 46 zaidi ya ile nyingine. Kadiri siku ya kusimama inavyokuwa ghali, ndivyo bei ya pedi yenyewe inavyopungua umuhimu. Na hapo hatujagusa dramu zilizopasuka, tairi zilizoungua, wala mzigo uliochelewa mpakani.

Hesabu hii haiwezekani bila daftari. Msafirishaji asiyeandika tarehe, kilomita na aina ya lainingi iliyofungwa atabaki kubishana kwa kumbukumbu. Anayeandika, kwa mwaka mmoja tu, atajua kwa gari lake na njia yake ni bidhaa ipi inayolipa.

Trela la mtu mwingine

Kwenye shoroba zetu kichwa na trela mara nyingi havina mwenye mmoja. Mwenye kichwa hufunga lainingi nzuri kwa sababu ni gari lake. Trela la kukodi linavutwa hivyo hivyo, na hakuna aliyelikagua tangu mwaka jana. Matokeo yake ni kwamba trela linasukuma badala ya kusaidia kusimama. Kazi yote inahamia kwenye breki za kichwa, nazo zinachemka mapema hata kama ni za gharama kubwa.

Kwa hiyo makubaliano ya kukodi trela yangefaa kuwa na kifungu kimoja kuhusu unene wa lainingi na ukazaji wa breki, kama kilivyo kifungu cha tairi. Aidha, kuchanganya aina mbili katika ekseli moja, kulia hii na kushoto ile, ni kosa ambalo hujionyesha gari linapovuta upande mmoja. Ekseli moja ibadilishwe yote kwa pamoja.

Pedi mpya nazo zinataka kuzoeshwa. Dereva afunge breki mara kadhaa kwa upole kutoka mwendo wa wastani hadi mdogo, bila kusimama kabisa, na aziache zipoe katikati. Kutoka gereji moja kwa moja hadi Kitonga na tani 30 mgongoni ni njia ya haraka ya kuziunguza pedi mpya.

Mpakani na kwenye makaratasi

Kwa waagizaji, uainishaji wa forodha unahitaji uangalifu. Pedi iliyokwisha kubandikwa kwenye bamba la chuma, tayari kufungwa kwenye gari, huingia katika kifungu cha 8708.30. Lainingi isiyofungwa kwenye shoo, inayouzwa kama malighafi ya fundi, huingia katika 6813.81. Yenye asbesto ina kifungu chake, 6813.20. Anayechanganya vifungu hivi hujitafutia ucheleweshaji na faini.

Asbesto si suala la makaratasi tu. Shirika la Afya Duniani limethibitisha kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2005, na Marekani mwaka 2024 ilipiga marufuku aina ya krisotile, ambayo bado ilikuwa ikiingia nchini humo katika baadhi ya spea za breki. Masoko makubwa yakifungwa, bidhaa hutafuta masoko yenye macho hafifu. Fundi anayepuliza vumbi la dramu kwa upepo wa kompresa ndiye anayelivuta kwanza. Vumbi hilo lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Jambo jingine ni uasili wa bidhaa. Wafanyabiashara wadogo wanaotumia cheti chepesi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, wakumbuke kwamba cheti hicho ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Pedi kutoka China au Dubai haigeuki kuwa ya Kenya au Tanzania kwa sababu imelala ghalani Nairobi au Arusha.

Kazi iliyobaki kwa mamlaka

Kenya ilianza ukaguzi wa bidhaa kabla hazijasafirishwa kutoka ng'ambo mwaka 2005, na Tanzania ikafuata mwaka 2012. Kenya ina sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008, na Tanzania kazi hiyo hufanywa na Tume ya Ushindani. Kwenye karatasi ulinzi upo.

Tatizo ni kwamba pedi mbovu haitambuliki kwa macho. Boksi ni zuri, rangi ni nzuri, herufi zimechapwa. Ubovu wake huonekana ikipata joto, na vituo vya mipakani havina mashine ya kuipasha joto. Ukaguzi wa maana ungekuwa wa kuchukua sampuli madukani na kuzipima maabara, kisha kutangaza majina ya bidhaa zilizoshindwa ili soko lijue. Nchi moja ikipima, nyingine zitumie majibu yale yale, kwani lori linalotoka Mombasa asubuhi litashuka mlima wa nchi nyingine kesho kutwa.

Vyama vya wasafirishaji navyo visisubiri serikali. Wanachama hamsini wakiunganisha madaftari yao, watakuwa na taarifa ambayo hakuna muuzaji wa spea anayeweza kubishana nayo. Wakinunua kwa pamoja, wataweza kumdai muagizaji cheti na bei ya jumla kwa wakati mmoja.

Kwa muuza spea, hii ni fursa pia. Duka linaloweza kumuuliza mteja "gari lako linapita wapi, na tani ngapi?" kabla ya kutaja bei litapoteza wateja wachache wa siku moja na kupata wa miaka mingi. Mteja aliyerudi salama kutoka Bujumbura hurudi kununua tena.